Je, asiye na dini anaweza kukabidhiwa fedha za kikundi?

Mkazi wa Ipagala

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo lililokigawa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Ipagala, Dodoma. Tulikuwa tunamchagua mweka hazina, na aliyependekezwa ni mwenzetu ambaye hajawahi kuchelewesha rejesho hata mara moja. Kabla ya kura, mjumbe mmoja alimwuliza anasali wapi, naye akajibu kwa utulivu kwamba hana dini na haamini kuwa Mungu yupo. Mkutano uliishia hapo. Wazee wanasema asiyemwogopa Mungu hana kitakachomzuia kula fedha za watu. Vijana wachache wanajibu kwamba waliokwishakula fedha za vikundi mtaani kwetu wote walikuwa na mahali pa kusali.

Mimi ni Mkristo na sitafuti kubadilishiwa imani. Ninachouliza ni hiki: kuna ushahidi wowote kwamba dini humfanya mtu awe mwadilifu kuliko asiye na dini, au ni mazoea yetu tu kudhani hivyo?

Binti wa Kondoa

Mimi ni Mwislamu niliyelelewa Kondoa, na nasema bila kumumunya maneno kwamba dini husaidia. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Erik Duhaime kuhusu wenye maduka wa mji mkongwe wa Marrakech, nchini Moroko, ambao ulionyesha kwamba walikuwa wepesi zaidi wa kutoa sadaka wakati adhana inasikika kuliko saa nyingine za siku. Watu ni walewale, maduka ni yaleyale na imani ni ileile. Kilichoongezeka ni ukumbusho.

Nakiri kwamba utafiti huo unatusuta pia, kwa kuwa adhana haisikiki kutwa nzima. Nenda soko la mahindi la Kibaigwa msimu wa mavuno ukitaka kuelewa lumbesa ni nini: gunia likishajaa halishonwi mdomo, bali huongezewa kilemba juu, mahindi ya ziada yakashindiliwa humo, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Sura ya 83 ya Kurani huanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, na Mithali 11:1 husema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Mungu. Sidhani kama yupo mnunuzi katika soko lile ambaye hajawahi kuyasikia maandiko hayo, lakini anayehangaika na lumbesa mpaka leo ni Wakala wa Vipimo.

Mhasibu Mstaafu

Naomba kumwuliza mleta mada: sanduku la kikundi chenu lina kufuli ngapi? Kama ni kikundi cha kawaida, lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti. Mnafungua kikao kwa sala, kisha mnafungua sanduku kwa funguo tatu. Waliobuni utaratibu huo hawakuwa wakimshuku asiye na dini. Waliwashuku waumini, na walifanya vyema.

Asiyesali

Mimi nilibatizwa Mpwapwa na leo sina dini, jambo ambalo silitangazi kazini kwa sababu ileile iliyouvunja mkutano wenu. Kabla ya kujitetea, niwatahadharishe wenzangu wa upande huu. Mwaka 2015 jarida la Current Biology lilichapisha utafiti wa Jean Decety na wenzake kuhusu watoto 1,170 wa nchi sita, uliodai kwamba watoto wa familia za kidini ni wachoyo kuliko wengine. Tuliushangilia mno. Baadaye watafiti wengine walizikagua takwimu zile wakabaini kwamba namba zilizowekwa kuzitambulisha nchi zilikokotolewa kana kwamba ni vipimo; kosa liliporekebishwa hitimisho hilo halikusimama tena, na mwaka 2019 makala ikaondolewa rasmi. Anayeendelea kuutumia utafiti huo anadanganya au hajui.

Historia nayo haimbebi mtu. Albania chini ya Enver Hoxha ilijitangaza kuwa nchi isiyo na dini mwaka 1967, ikafunga misikiti na makanisa, na viongozi wa dini wakatupwa gerezani; raia waliendelea kuogopana na kuchongeana. Rwanda ya mwaka 1994, kwa upande mwingine, ilikuwa nchi ya Wakristo kwa sehemu kubwa. Padri Athanase Seromba alihukumiwa hapa kwetu Arusha kwa kushiriki kulibomoa kwa tingatinga kanisa lake mwenyewe la Nyange, huku watu wasiopungua 1,500 waliokimbilia humo wakiwa ndani, na mwaka 2008 rufaa iliishia katika kifungo cha maisha.

Jaribio ninalolirejea mara nyingi ni la John Darley na Daniel Batson, waliolichapisha mwaka 1973. Walichukua wanafunzi wa seminari ya Princeton, Marekani, wakawaagiza waende jengo jingine kutoa hotuba. Baadhi yao hotuba yenyewe ilihusu Msamaria Mwema. Njiani palikuwa na mtu amejikunyata, anakohoa na kugumia. Wanafunzi walioambiwa kwamba muda bado upo, asilimia 63 walisimama kumsaidia; walioambiwa kwamba wamechelewa, asilimia 10 tu. Kwenda kuhubiri habari za Msamaria hakukuleta tofauti ya maana, na wapo waliomruka mgonjwa ili wawahi kuihubiri. Wote walikuwa waumini, tena waumini wanaosomea uchungaji. Ndiyo maana nikisikia mtu anaulizwa anasali wapi ili ijulikane kama ataiba, naona swali limekosea mlango.

Binti wa Kondoa

Kaka, umesema vizuri, ila umeuruka utafiti uliofika jirani yetu kabisa. Mwaka 2016 Benjamin Purzycki na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo kutoka jamii nane duniani, watu 591, wakiwamo Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi. Kila mmoja alipewa sarafu, dadu na vikombe viwili, kimoja kikiwa cha mtu wa mbali, akaamua moyoni kikombe kipi kipate sarafu kulingana na rangi itakayotokea. Hakuna aliyeweza kumwona anayedanganya, kwa kuwa uamuzi ulibaki kichwani mwake. Waliosadiki kwamba mungu wao anajua mawazo ya watu na huadhibu, walimtendea haki zaidi mtu wa mbali asiyewajua. Mtu huyo wa mbali alikuwa wa imani ileile, na hilo sitalificha. Hata hivyo, wazee wa Ipagala hawakosei moja kwa moja: pale ambapo kufuli hazipo, anayeamini kwamba anaonwa hujizuia.

Mkazi wa Ipagala

Nawashukuru nyote. Kufuli ni tatu kweli. Kikwazo kilichobaki ni kwamba katiba ya kikundi inamtaka mweka hazina aape kwa Biblia au Kurani, na mwenzetu amesema kuapa kwa kitabu asichokiamini kungekuwa uongo wake wa kwanza katika nafasi hiyo. Jibu hilo limewafurahisha hata baadhi ya waliokuwa wakimpinga.

Karani wa Mahakama

Suala hilo sheria ililimaliza zamani. Shahidi katika kesi ya jinai hutoa ushahidi kwa kiapo au kwa uthibitisho, yaani tamko rasmi la kusema kweli bila kuapa, na anayesema uongo kwa makusudi hushitakiwa vilevile, awe ameshika kitabu au hakushika. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kwanza aahidi kusema kweli. Uhuru wa imani nao umo katika ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977.

Pelekeni pendekezo kwenye mkutano mkuu ili kifungu kisomeke "ataapa au atathibitisha", na yatajwe maneno yenyewe ya uthibitisho ili pasiwe na ubishi siku ya makabidhiano. Hayo yakipita, pigeni kura ya siri.