Kukadiria mtiririko wa fedha wa mashine ya pili ya alizeti: nimekosea wapi?

Mshika Daftari

Ndugu wanajukwaa, ninashika hesabu za kampuni ndogo ya kukamua alizeti mjini Singida. Tuna mashine moja tu, na wakati wa mavuno, kati ya Mei na Julai, foleni ya magunia hufika nje ya geti, kila gunia likiwa na jina la mwenyewe lililoandikwa kwa mkaa.

Wakurugenzi wanataka mashine ya pili pamoja na chujio lake. Bei, usafiri na ufungaji vinafika shilingi milioni 64; itatumika miaka 5, kisha tunatarajia kuiuza kwa milioni 10. Mauzo ya mafuta na mashudu yataongezeka kwa milioni 210 kwa mwaka, na gharama za mbegu, umeme na vibarua zitaongezeka kwa milioni 176. Nimetoa uchakavu wa milioni 12.8 (bei ya mashine ikigawanywa kwa miaka 5) na riba ya milioni 7.2 kwa mkopo wa milioni 40, ikabaki faida ya milioni 14, ambayo baada ya kodi ya 30% ni milioni 9.8. Kwa miaka mitano hiyo ni milioni 49, ilhali tutakuwa tumetoa milioni 68 ukijumlisha milioni 4 tulizomlipa mtaalamu wa upembuzi yakinifu mwaka jana.

Kuna mambo mawili sikuyaweka. Milioni 30 za kununua mbegu msimu wa mavuno na kuzihifadhi nimeziacha kwa sababu zitarudi. Ghala litakalofungwa mashine, ambalo sasa tumempangisha mfanyabiashara wa mahindi kwa laki 5 kwa mwezi, nimeliacha kwa sababu ni letu. Bodi hupima miradi kwa kiwango cha punguzo cha 16%, yaani fedha za miaka ijayo hupunguzwa kwa 16% kila mwaka ili kupata thamani yake ya leo. Je, niwashauri waachane nao?

Mhasibu Mstaafu

Ndugu Mshika Daftari, usiwashauri hivyo bado, kwa sababu ulichokadiria ni faida ya vitabuni, na mashine hainunuliwi kwa faida ya vitabuni bali kwa fedha taslimu.

Nianze na milioni 4 za mtaalamu. Zimeshatoka, na hazitarudi hata mkiamua kutonunua chochote. Kwa hiyo hazina nafasi katika uamuzi huu. Ghala ni kinyume chake: hamtalipa hata senti, lakini mtakosa milioni 6 za kodi ya pango kila mwaka, na hicho ni kitu ambacho mradi unawagharimu kweli. Riba nayo iondoe. Kile kiwango cha 16% tayari kimebeba madai ya benki na ya wenye hisa, hivyo ukitoa riba halafu ukapunguza kwa 16%, umemtoza mradi mara mbili kwa deni lile lile.

Uchakavu ndio unaowachanganya wengi. Hakuna mtu anayekuja dirishani kudai milioni 12.8, lakini huwezi kuusahau moja kwa moja, kwa maana unapunguza kodi ya mapato. Kwa hiyo utoe kwanza, ukokotoe kodi, kisha urudishe. Chukua 210, toa 176 na toa 6 za pango, unabaki na 28. Toa uchakavu, inakuwa 15.2, kodi yake ni 4.56, zinabaki 10.64; rudisha 12.8, unapata milioni 23.44 kwa mwaka.

Mwanzoni mnatoa 64 za mashine na 30 za mbegu, jumla 94. Ni kweli za mbegu zitarudi, lakini zitarudi mwaka wa tano, na milioni 30 za mwaka wa tano kwa 16% ni sawa na milioni 14.3 za leo. Ongeza zile 23.44 za miaka yote mitano kwa thamani ya leo, milioni 76.7, pamoja na mauzo ya mashine kuukuu baada ya kodi, milioni 7 ambazo leo ni sawa na milioni 3.3. Jumla ni takriban milioni 94.4, yaani mradi unavuka mstari kwa kama laki 4 tu.

Mtaalamu wa Kodi

Nyongeza fupi. Mamlaka ya Mapato haikubali uchakavu wa vitabuni. Kodi hukokotolewa kwa viwango vya sheria, na kiwango cha kawaida cha mitambo ya kiwandani ni 25% ya salio linalopungua, yaani ya thamani iliyobaki kila mwaka. Kwa kiwango hicho peke yake, bila nafuu nyingine ya mwaka wa kwanza, uchakavu wa mwaka wa kwanza ni milioni 16 badala ya 12.8, na wa miaka ya mwisho ni pungufu. Hapa athari zake zinakaribia kufutana, lakini jedwali la bodi liandaliwe hivyo.

Mkamuaji wa Zamani

Hesabu ya Mhasibu Mstaafu ni safi, lakini imeipokea ile 210 kama ilivyoletwa, na mimi ndipo ninapokwama. Je, wote watakaokuja kwenye mashine mpya ni wateja wapya? Nilipofunga mashine yangu ya pili, nilishangaa kuona ile ya kwanza inalala kuanzia saa nane mchana. Ikiwa sehemu ya kumi tu ya ile ziada ya milioni 34 ingepatikana hata kwa mashine ya zamani, mnapoteza takriban milioni 2.4 kwa mwaka baada ya kodi, na zile laki 4 zinageuka hasara ya zaidi ya milioni 7.

Hata hivyo, usilinganishe na hali ya leo. Linganisha na hali itakayokuwapo msiponunua. Jirani akifunga mashine yake, wateja wanaosubiri hadi jioni watahamia kwake, na kuwabakiza ni pato halali la mradi. Tena bei ya mbegu na mafuta ya msimu mmoja isikutie moyo sana, kwani ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje huweza kubadilishwa kila bajeti ya Juni, na bei hufuata.

Mshika Daftari

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Ile 210 niliipata kwa kuchukua uwezo wa mashine na kuuzidisha kwa siku za kazi, sikuwauliza wateja. Daftari letu la kaunta linaonyesha waliokamuliwa tu. Lakini mlinzi wa getini huandika kila guta linaloingia na idadi ya magunia, na mzani una stakabadhi zake, hivyo mzigo ulioingia bila kupimwa ndio ulioondoka. Kesho nitaanza kulinganisha daftari la getini na stakabadhi za mzani kwa miezi ya Juni na Julai.