Mjadala: Ushairi ufundishe Hesabu darasa la kwanza, au ubaki kwenye Kiswahili?

Mleta hoja: Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza Tanzania mwaka 2015 uliegemea KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. K ya tatu nayo ifundishwe kwa beti. Mfano wa hesabu ya kutoa:

Kuku kumi wa Amani,
Watatu wako shambani,
Waliobaki bandani,
Hebu sema ni wangapi?

Ghani ubeti mara mbili, watoto wasikilize tu. Kila kikundi kiwe na vizibo 10. Mara ya tatu simama kila mstari: wa kwanza wanapanga vizibo, wa pili wanasogeza 3 pembeni, wa tatu hawagusi kitu, wa nne wanajibu. Kesho "watatu" wawe "watano" au "wanane". Mizani, yaani idadi ya silabi kwa mstari, inabaki 8.

Kokotoa: Hapo kilichofundisha ni vizibo, mkuu. Ubeti ni pambo. Na darasani beti huja na makofi, kofi kwa kila silabi: mo-ja, mbi-li, ta-tu. Mtoto anayegusa vizibo kwa mdundo huo akifika "tatu" amekwishagusa sita. Jina zima la namba lilingane na kitu kimoja. Mahadhi yanalivuruga hilo mapema kabisa. Halafu kina, ile sauti inayofanana mwishoni mwa mistari, kinavujisha jibu. Mstari wa juu ukiishia "nne", mtoto anabahatisha "nane" kwa sikio, hata kizibo hakugusa.

Malenga: La makofi lina dawa: kofi moja kwa jina zima, lipigwe kwenye silabi ya kwanza, na kidole kishuke pamoja na kofi. Makofi ya silabi yawekwe kipindi cha Kiswahili, yasichanganywe. La kina kuvujisha jibu ni kweli, ndiyo maana ubeti wa kuku unaishia na swali.

Ila mleta hoja, hiyo kubadili idadi ina mtego. Sita, saba na tisa hazichukui "wa-". "Sita wako shambani" ni mizani 7, mstari unachechemea na watoto wanaurefusha wenyewe: "wasita". Badili mstari wote: "Sita wako kwa jirani."

Mwalimu wa darasa la pili: Mimi beti za kujumlisha na kutoa sizihitaji. Kumi na moja hadi kumi na tisa nazo zinajieleza: kumi, ongeza moja. Kazi ngumu ni majina ya makumi, ishirini hadi tisini. Ni majina manane ambayo mtoto hawezi kuyabuni kwa akili, lazima ayashike. Na yote yanaishia "-ni", kwa hiyo kina kipo tayari.

Kokotoa: Kina hichohicho ndicho kinachowafanya wachanganye sitini na tisini, mwalimu! Sauti zinakaribiana mno, ukiziimba mfululizo unazidisha ugonjwa.

Mleta hoja: Basi jina la namba ndogo litangulie: "Kumi sita ni sitini."

Mwalimu wa darasa la pili: Hapana, "kumi sita" mtoto ataisikia "kumi na sita" na kuandika 16. Tumia mafungu ya vijiti, kila fungu vijiti 10 vilivyofungwa kwa raba.

Malenga: Vizuri, maana sita, saba na tisa zilizotukwamisha kwa kuku hapa zinaingia bila kulazimishwa:

Mafungu sita, sitini,
Mafungu saba, sabini,
Mafungu tisa, tisini,
Kila fungu lina kumi.

Nane kila mstari. Usiongeze themanini humo: "mafungu manane themanini" ni mizani 10. Mtoto anyanyue mafungu halisi anapotaja. Asipoyashika, huo ni wimbo tu.

Kokotoa: Kwa majina hayo matatu nakubali, kwa kutoa bado. Na upimaji usifuate mpangilio wa ubeti. Onesha kadi ya 90 kwanza, kisha 60, kisha 70. Anayelazimika kuanzia "mafungu sita" ndipo afike tisini, huyo kakariri, mrudishe kwenye vijiti.