Naomba ushauri: mama anaruka dawa za presha siku ambazo kipimo kinasoma vizuri

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kuhusu mama yangu, ambaye amevuka miaka 60. Daktari amemwandikia amlodipini, losartani na haidroklorothiazaidi ya kuongeza mkojo, zote za kumeza kila siku. Tunayo mashine ya kupimia nyumbani, na hapo ndipo tunapotofautiana: akipima asubuhi akakuta 128 kwa 78, haoni sababu ya kumeza dawa siku hiyo, na kwa kuwa kesho yake kipimo huwa bado kizuri, ameshajiridhisha kwamba dawa ni za siku ambazo presha imepanda. Isitoshe, hupata kizunguzungu anapoinuka kitandani, naye anasema huo ni ushahidi kwamba dawa zinamzidi nguvu. Je, kuruka dawa namna hiyo kuna hatari gani, na ni tahadhari zipi nyingine tunazopaswa kuzingatia?

Mfamasia Mtulivu

Mleta mada, kipimo hicho cha 128 kwa 78 ni matokeo ya dawa alizomeza siku zilizotangulia, wala si dalili kwamba ugonjwa umeondoka. Amlodipini hukaa mwilini kwa muda mrefu, kwani huchukua takribani saa 30 hadi 50 kwa nusu yake kuondoka katika damu. Ndiyo maana mtu akiruka siku moja, mashine bado itasoma vizuri kesho yake, naye ataamini kwamba hakuna kilichoharibika. Presha hupanda taratibu baadaye, mara nyingi bila dalili yoyote, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo ikiendelea kuumia.

Zipo pia dawa ambazo kuzikatisha ghafla ni hatari zaidi, kama atenololi, propranololi na klonidini, kwa kuwa presha inaweza kurudi juu kwa nguvu. Mama hatumii hizo, lakini wapo watakaosoma uzi huu wanaozitumia.

Akisahau dozi, aimeze pindi anapokumbuka, isipokuwa kama muda wa inayofuata umekaribia, na kamwe asimeze mbili kwa pamoja ili kufidia. Naomba utueleze: anatumia dawa gani nyingine, zikiwemo zile anazonunua bila cheti cha daktari?

Mleta mada

Anasumbuliwa na magoti, kwa hiyo hununua diklofenaki, na zikikosekana hutumia ibuprofeni. Hizo humeza karibu kila siku.

Mfamasia Mtulivu

Nashukuru kwa kulisema hilo, kwa sababu kwa maoni yangu ni zito kuliko hata kuruka dozi. Figo huchuja damu kwa kutegemea msukumo uliomo ndani ya mishipa yake midogo. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia mishipa inayoingiza damu humo isitanuke inavyotakiwa, losartani hulegeza ile inayoitoa, na haidroklorothiazaidi hupunguza maji mwilini. Zikikutana zote tatu, msukumo huo unaweza kushuka kiasi cha figo kushindwa kazi ghafla, hasa kwa mtu mwenye umri mkubwa. Zaidi ya hayo, dawa hizo za maumivu hufanya mwili ushikilie chumvi na maji, hivyo huipandisha presha ileile tunayojitahidi kuishusha, na daktari asiyeambiwa anaweza kuongeza dozi bila kujua chanzo.

Nashauri aziache sasa na atumie parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, kisha amwone daktari mapema ili apimwe kwenye damu kreatinini (huonyesha figo zinavyofanya kazi), potasiamu na sodiamu. Aepuke vilevile chumvi mbadala, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na losartani nayo huipandisha.

Muuguzi wa Zamu

Naongezea kuhusu kizunguzungu. Mpimeni akiwa ameketi kwa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu iko sakafuni, mkono umewekwa usawa wa moyo, na asizungumze; kisha asimame, mpimeni tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, andikeni na mpeleke taarifa hiyo kwa daktari, ambaye anaweza kubadilisha dozi au muda wa kumeza. Kwa sasa aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, maana kuanguka kwa umri wake kunaweza kuvunja nyonga.

Muulizeni daktari pia afanye nini siku akiharisha au kutapika sana, kwa kuwa mara nyingi losartani na dawa ya mkojo husimamishwa kwa muda hadi aweze kula na kunywa kama kawaida. Ikitokea midomo au ulimi umevimba, au kipimo kimefika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, udhaifu wa upande mmoja au kuchanganyikiwa, msisubiri; mpelekeni hospitali mara moja.

Dada Mkubwa

Naomba wanawake walio katika umri wa kuzaa wazingatie kwamba losartani na dawa za jamii ya enalaprili zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Anayepanga kupata ujauzito amwambie daktari mapema ili abadilishiwe, na asiazime vidonge vya mtu mwingine hata kama ugonjwa ni mmoja.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Mama amekubali kuweka kando diklofenaki, na kesho tutamwona daktari. Jambo moja limebaki: vifundo vya miguu yote miwili huvimba jioni, naye anataka kuongeza ile dawa ya mkojo. Je, ni sahihi?

Mfamasia Mtulivu

Hapana, asiongeze. Amlodipini hutanua mishipa midogo kiasi kwamba maji huvuja na kutuama miguuni, na uvimbe wa namna hiyo hausikii sana dawa ya mkojo. Kuiongeza kutamkausha tu na kuzidisha kizunguzungu. Kwa kuwa diklofenaki nayo huchangia kuvimba, na moyo au figo pia zinaweza kuwa chanzo, daktari aikague miguu hiyo kesho kabla ya kuamua kama atapunguza amlodipini. Lakini ukivimba mguu mmoja pekee na ukawa unauma, huenda ni damu iliyoganda katika mshipa, na hapo msingoje miadi.