Wageni wangu wa Ujerumani wanakuja Tanga siku nne, naombeni ushauri wa matembezi ya kwenda na kurudi

BintiChuda
Habari za humu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni mnisaidie mawazo maana mie kichwa kishajaa. Mwaka 2014 nilienda Eckernförde kule Ujerumani, wale wanaojua ndo ule mji wenye urafiki na Tanga yetu, nikakaa nyumbani kwa mzee mmoja na mkewe mwaka mzima wakanilea kama mtoto wao. Sasa wanakuja katikati ya Agosti, mzee ana 71, mama ana 68 na goti alishafanyiwa opresheni, na mjukuu wao wa kiume miaka 15 ambaye hali nyama wala samaki (samaki! Tanga!). Watalala kwangu, kwahiyo nataka sehemu za kwenda asubuhi jioni tumerudi. Nimepanga hivi, siku ya kwanza mapango ya Amboni, maji moto ya Galanos na kisiwa cha Toten, ya pili Lushoto, ya tatu magofu ya Tongoni, Pangani na kisiwa cha Maziwe, ya nne misitu ya Amani na Magoroto. Usafiri Noah ya kaka. Mume wangu kaiona hiyo ratiba kaniuliza hawa watu wamekukosea nini.

Afu kuna la hela. Wao wamesema watachangia mafuta na viingilio, mama yangu anasema nikipokea nimemuaibisha yeye na ukoo mzima. Nina laki tano tu nimeweka pembeni.

Konda_wa_Kange
Dada mumeo yuko sahihi, mpe soda. Lushoto toa kabisa. Utoke Tanga ufike Segera, ushike Korogwe, Mombo, afu pale Mombo ndo uanze kupanda kilomita kama 33 za kona juu ya kona, mama na goti lake kakunja mguu kwenye Noah, mkifika Irente mnapiga picha mbili jua linawaambia rudini. Kushuka ule mlima usiku na dereva kachoka mie nimeifanya hiyo kazi miaka, sikushauri. Lushoto ni ya kulala.

pweza_mkavu
Siku nne sehemu tisa, hiyo ni mbio za mwenge dada

MzeeWaKusi
Mwanangu BintiChuda, mie wa Pangani, bahari ndo kazi yangu. Umeandika Maziwe kama vile ni kituo cha daladala. Kwanza Agosti upepo wa kusi bado unapiga, asubuhi bahari inakuwa na adabu lakini ikishapita adhuhuri upepo unaamka na mawimbi yanamwagika mpaka ndani ya boti, mama wa goti atarudi analia. Pili Maziwe siku hizi ni fungu la mchanga tu, zamani kulikuwa na mivinje sisi tukiwa wadogo, sasa hakuna mti hata mmoja na maji yakijaa fungu lote linazama. Kwahiyo unakwenda kwa kupwa. Angalia mwezi, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kupwa kwake kwa huku kwetu ni mnamo saa nne saa tano asubuhi, ndo siku zako hizo, mnatoka Ushongo asubuhi mnaogelea na miwani mnaangalia samaki, kabla jua halijapinda mmerudi. Mkija maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, kupwa inaangukia jioni, ndo upepo wenyewe huo, msiende.

Na mwambie nahodha mapema unataka maboya ya kuvaa, ya watu wote, uyaone kwa macho kabla hujatoa hela. Huyo kijana atapenda habari za kasa. Kasa wanapanda kutaga palepale kwenye fungu, na kwa vile linazama watu huyahamisha mayai wakayafukia ufukweni Ushongo mpaka yaanguliwe.

BintiChuda
Shikamoo mzee wangu, ahsante sana. Sikujua kama linazama jamani, nimezaliwa Tanga sijawahi kufika.

MzeeWaKusi
Marahaba. Wengi tu, wa Tanga mnaijua Raskazone basi.

Ticha_wa_Bombo
Mimi naongezea upande wa mzee. Mjerumani wa umri huo akifika Tanga lazima atauliza majengo ya kwao, usikimbilie mbali, siku moja nzima ni mjini. Anzia makumbusho ya Urithi pale kwenye boma la zamani, picha za mji wa kale zipo, halafu teremkeni stesheni mumuonyeshe reli, ujenzi wake ulianza hapa hapa Tanga mwaka 1893 ikafika Moshi 1911. Halafu mhadithie vita ya Novemba 1914, Waingereza wameshusha askari kama 8,000 wengi wao kutoka India, upande wa kamanda wa Wajerumani von Lettow-Vorbeck wako kama 1,000 na walio wengi ni askari Waafrika, na bado Waingereza wakarudi melini wakaacha bunduki na risasi ufukweni. Katikati ya mapigano nyuki nao wakachafuka wakawashambulia, ndo maana mpaka leo inaitwa vita ya nyuki. Ila ukimhadithia usiishie kwa majenerali maana hao wazee wanazijua hizo, mwambie na wapagazi waliobebeshwa mizigo mpaka wakafa njiani.

Jioni Ngamiani, mpite barabara za namba kwa miguu taratibu, kahawa chungu na kashata. Mimi wageni wangu wote hawakukumbuka kingine zaidi ya hicho kibaraza cha kahawa, wazee wale waligoma wasilipe. Kijana avae suruali, bukta za juu ya goti aache za ufukweni.

Chibaba_TZ
Amboni msiitoe lakini, nimeona mnaipita kimya kimya. Mkija Tanga bila Amboni mtakuwa mmekuja kufanya nini? Kilomita chache tu njia ya Horohoro. Mapango yako kumi lakini wageni wanaingizwa moja, ndani kuna popo, kuna mawe yamejichonga sofa, meli, mpaka mlima Kilimanjaro. Afu zile stori, mbwa aliyeingia humo akaibukia Kilimanjaro, na Otango na Paulo Hamisi waliowasumbua wakoloni miaka ya 50 wakajificha humo. Dogo wa miaka 15 atadata.

Konda_wa_Kange
Dogo sawa, mama je? Humo kuna sehemu unainama, kuna sehemu unapita kiubavu, chini kunateleza na giza totoro. Sio kwa goti la opresheni.

Chibaba_TZ
Mama anabaki nje kwenye miti ni pazuri tu pale.

BiKirembo
Hee Chibaba, mtu katoka Ulaya umuweke nje kama mlinzi wa viatu msikitini? Wagawane. Siku ya Amboni wanaume waende na kaka mtu, mama wa watu abaki na dada jikoni wakakune nazi, kaa nae, muda wa kukaa nae utaupata lini na hizo safari zako? Mwaka mzima kakulea huyo.

Na huyo mtoto asiekula samaki asikusumbue akili, asubuhi mbaazi za nazi na mahamri, mchana kisamvu au mchicha wa nazi, maharage, bamia, mihogo ya nazi, atarudi kwao kanenepa. Ila mkila hotelini uliza, maana wapishi wetu kisamvu wanatia dagaa afu wanakwambia ni mboga tu.

La hela nalo usimsikilize mama sana, namuheshimu ni mkubwa wangu lakini laki tano watu watatu siku nne haitoshi. Mgeni njoo mwenyeji apone, sio mwenyeji alazwe. Chakula na malazi ni vyako, hapo mama hana aibu yoyote. Viingilio walipe wenyewe maana asie raia analipishwa kingi kuliko sie, na mafuta wakikupa pokea kwa mikono miwili, mama asijue kwani lazima ajue?

Mbondei_Halisi
Nimesoma mpaka hapa nasubiri mtu aseme sababu ya Amani hamna aliyesema. Da BintiChuda, huyo mama yako wa Ujerumani kwake dirishani hakuna kijiua cha zambarau kwenye kijikopo? Majani yana manyoya manyoya? Muulize. Wao wanaliita Usambaraveilchen, lilipelekwa kwao na Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya hapa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, Baron von Saint Paul, ndo mpaka jina la kitaalamu likawa Saintpaulia. Asili yake ni kwetu huku milimani, linaota lenyewe kwenye miamba yenye kivuli karibu na maji. Sasa bibi wa watu kalimwagilia maua hayo miaka arobaini, akalione porini kwao linakotoka, we unataka umpeleke akaangalie sofa la mawe?

Amani bustani waliianzisha Wajerumani 1902, miti ya dunia nzima imepandwa, na nyingine unaiangalia ukiwa umekaa kwenye gari. Ukifika mwambie mtembezaji mapema kwamba kuna mtu wa goti akupeleke penye maua karibu, sio zile njia za kupanda. Kutoka Muheza kupanda ni vumbi na mashimo, mwambieni kaka aangalie matairi, na Agosti kule ni baridi na ukungu mchukue masweta. Magoroto achana nayo siku hiyo. Kushuka mnunue machungwa ya barabarani Muheza.

BintiChuda
Mbondei umeniliza. LIPO. Lilikuwa dirisha la jikoni, mie ndo nilikuwa nalimwagilia akisafiri, akanikanya nisimwagie majani maji yanatia madoa. Mwaka mzima sikujua kama ni la kwetu.

Basi nimepangua. Siku ya kwanza mjini na Ngamiani. Ya pili Amani peke yake. Ya tatu wanaume Amboni na Galanos, sie jikoni. Ya nne Tongoni na Pangani, Maziwe nitaangalia mwezi kwanza. Toten nimefuta.

Ticha_wa_Bombo
Tongoni nendeni asubuhi, ni njiani kuelekea Pangani. Msikiti na makaburi ya karne za 14 na 15 yale, vaeni kwa heshima. Vasco da Gama mwaka 1498 meli yake moja ilikwama mafungu ya hapo Mtang'ata, 1499 akarudi wakaichoma. Na Pangani mvuke kivuko mwende Bweni mkaone mkonge wa Kikogwe, Mjerumani Hindorf alileta miche kutoka Florida 1893 ikapona 62 tu. Mkiwa Pangani mtaje na Abushiri aliyepigana na Wajerumani, walimnyonga hapo 1889. Mzee asione mkonge na majengo peke yake.

MzeeWaKusi
Tarehe ngapi hasa? Nitajie nikuhesabie mwezi.

BintiChuda
Wanatua Dar tarehe 14 mzee wangu, huku wanafika 15 usiku.

pweza_mkavu
Na mama mzazi ushamwambia habari ya mafuta?

BintiChuda
😂 we pweza nyamaza, yuko humu na jina la bandia