Redio ya hapa Mwanza imesimulia miaka kumi ya dunia, ajali ya kivuko cha MV Nyerere haimo!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Jumapili nilikuwa Mwaloni Kirumba napima dagaa, redio imetundikwa msumarini juu ya mizani. Ni kituo cha hapahapa mjini, jina naliacha. Kipindi maalumu: matukio yaliyotikisa dunia 2010 mpaka 2019. Saa mbili nzima. Nikaongeza sauti, maana hiyo ndiyo miaka ya ujana wangu.

Walianza vizuri. Yule kijana muuza matunda wa Tunisia aliyejichoma moto Desemba 2010, mpaka rais wa Tunisia na wa Misri wakang'oka. Vuvuzela za Kombe la Dunia Afrika Kusini. Kifo cha Mandela. Ebola ya Afrika Magharibi iliyoua zaidi ya watu 11,000. Gangnam Style, video ya kwanza kufikisha watazamaji bilioni moja YouTube, ikala dakika kumi peke yake huku watangazaji wanacheka. Notre-Dame kuungua Aprili 2019, mtangazaji akashusha sauti kama yuko msibani. Moto ule haukuua mtu hata mmoja.

Halafu wakaingia kwenye Sewol, kivuko cha Korea Kusini kilichozama Aprili 2014. Watu 304, wengi wao wanafunzi. Nikaweka sado chini. Nikajua sasa wanakuja kwetu, maana utasimuliaje Sewol ukiwa Mwanza usifike Ukara, kisiwa cha ziwa letu hili la Victoria ambako MV Nyerere ilizama? Yakapita matangazo, wakarudi na habari za selfie.

Alhamisi, 20 Septemba 2018. Siku ya gulio Bugolora, kisiwani Ukerewe. MV Nyerere ilijengwa kubeba watu 101. Maiti zilizohesabiwa ni 228, waliookolewa 41. Ilipinduka imeshakaribia kabisa kutia nanga Bwisya, Ukara, watu wamesimama ufukweni wanawasubiri ndugu zao. Siku nne za maombolezo ya kitaifa, bendera nusu mlingoti nchi nzima. Jumamosi fundi wa kivuko akatolewa mzima ndani ya chombo kilichopinduka. Hilo nalo halikuitikisa dunia?

Mama yangu mdogo alikuwemo. Alikwenda gulioni kununua unga na viatu vya shule vya mwanawe. Tulimtambua kwa viatu hivyo, vyeusi, vipya, kavifunga kwa kamba zake kwenye kifundo cha mkono visimpotee kwenye msongamano. Fundo lilikuwa bado limekaza. Nililifungua mimi.

Nikapiga simu studio. Mtangazaji ananiambia, "Kaka, ile ni habari ya mkoa, leo tunaongelea dunia." Nikamuuliza, na Notre-Dame ni ya mkoa gani? Akakata.

Sisemi wasiitaje Korea. Wale watoto walikufa maji kwa uzembe uleule, chombo kubeba kuliko uwezo wake, na wenzetu Wakorea hawajaacha kuwataja mpaka leo. Ninachotaka ni kituo kinachokula matangazo ya wavuvi na wachuuzi wa ziwa hili kiwataje na watu wa ziwa hili.

Wamesema Jumapili hii saa nane wanakirudia. Aliyekirekodi anitumie, nataka kwenda nacho ofisini kwao kabla hakijaruka tena. Wa Ukerewe mlioko mjini, Ijumaa saa tatu asubuhi tukutane Mwaloni, getini. Viatu ninavyo, nakuja navyo.