Mume wangu mpole akishika usukani anageuka mtu mwingine, hivi hasira ndo zinaleta ajali?

mama_wawili
Habari zenu wakuu, naomba mawazo maana sina amani. Mume wangu ni mpole sana, nyumbani hajawahi hata kumfokea mtoto, ila akishika usukani simjui. Desemba tulikuwa tunaenda Moshi, tumetoka Dar alfajiri, foleni ya kwenda Chalinze ikamchosha, tulipopita Mombo akapigwa tochi akalipishwa elfu 30, akanuna kimya. Tunakaribia Hedaru gari ndogo nyeupe ikatupita ikatuchomekea mpaka akashika breki za ghafla, hapo ndo ligi ikaanza, anamfukuza, anampiga ful, honi, jamaa naye anakaza, mshale umefika 130, mimi naongea hanisikii na watoto nyuma wanalia. Akatoka kuovertake na mbele lori linakuja limewasha taa zote, likashuka pembeni kwenye vumbi ndo tukapona. Mpaka tunafika Same hakuna aliyefungua mdomo. Na mpaka leo akiikumbuka safari anasema yule jamaa alimdharau. Sasa naomba kujua, ni hasira kweli zinazoua au ni mwendo na ubovu wa barabara? Na mtu kama huyu unaongea naye vipi?

mzee_wa_semi
Pole sana dada. Nimeendesha semi Dar Tunduma miaka 19, huyo dereva wa lori mshukuruni kila mkisali. Semi ina mzigo wa tani 30, ukiishusha ghafla kwenye bega la barabara inaweza kulala, yeye alikubali hatari ya kufa ili nyie mpite. Piga hesabu, nyie 130 yeye tuseme 70, kwa pamoja ni 200, ina maana kila sekunde mnasogeleana kama mita 55. Uwanja wa mpira mzima unaisha kwa sekunde mbili, na mtu mwenye hasira ndani ya sekunde mbili bado anaangalia tako la gari ya mbele.

Sisi wa malori tuna lugha yetu, nikiwasha indiketa ya kulia namwambia wa nyuma yangu tulia kuna gari inakuja, nikiwasha ya kushoto pita. Wengi wanaelewa vizuri tu. Ila mwenye ligi nikimwashia ya kulia anaona namzuia makusudi, ananipigia honi halafu anatoka hivyohivyo. Kule Kitonga nimeshuhudia mara nyingi, kona mlima korongo, na mtu anatoka tu kwa sababu amekaa nyuma ya lori dakika kumi na moyo umejaa. Wengine niliwakuta chini.

mdau_wa_lami
Mzee nakuheshimu ila tusiitwishe hasira kila kitu. Barabara ile ni njia moja kwenda moja kurudi, malori, mabasi, gari ndogo, bodaboda wote humohumo, na Desemba nusu ya Dar inahamia Kilimanjaro. Hata malaika angekasirika. Wapanue barabara muone kama ligi hazipungui.

boda_kimara
Mdau, Morogoro Road huku Kimara wamepanua na watu bado wanafukuzana. Mwenzetu wa kijiweni aligusa saitimira kwenye foleni, kioo hata hakikuvunjika, alikosea na alinyoosha mkono kuomba msamaha. Mwenye gari akamfuata mpaka karibu na Mbezi akamsukuma kwa nyuma, boda ikalala, abiria mama wa watu akavunjika mguu. Yule mama hakujua hata kosa lilikuwa nini.

Na niseme ukweli hata sisi boda tunachangia, ikitokea mwenzetu kagongwa tunajaa pale watu 30 tunataka kumpiga dereva kabla hatujaangalia majeruhi, matokeo yake madereva wakigonga wanakimbia na mtu anabaki anavuja damu barabarani. Hiyo nayo ni hasira inaua, inanisumbua kila siku.

niko_saikolojia
Mleta mada, ukisikiliza taarifa za trafiki utasikia mwendokasi, kuovertake bila tahadhari, uzembe wa dereva. Hasira haitajwi sana, lakini ukijiuliza alikimbia kwa sababu gani ndo unakutana nayo. Mwaka 1994 Jerry Deffenbacher na wenzake wa Colorado State kule Marekani walitoa kipimo cha hasira za udereva, waligawa vinavyokera kwenye makundi sita, mfano ishara za matusi, wanaovunja sheria, gari zinazojivuta, kukosa ustaarabu, foleni na vizuizi, na hata kuona polisi. Sasa mhesabie mumeo siku ile, foleni, trafiki, kuchomekewa. Ile gari nyeupe ilikuta moto umeshawaka.

Kingine, yule wa gari nyeupe mumeo hamjui, labda alikosea hesabu ya kurudi au alikuwa na mgonjwa, ila ndani ya gari humuoni mtu usoni, unaona bati tu, kosa linageuka dharau. Na mwili ukishapanda hivyo macho yanang'ang'ania kitu kimoja, pembeni hapaoni, masikio ndo kabisa, kwahiyo alivyokuwa hakusikii hakuwa anakupuuza. Usibishane naye mwendo ukiwa mkali. Sema kitu kifupi kinachomsimamisha, "mtoto anataka kutapika, simama", akishuka akanywa maji robo saa mtu wako anarudi. Mazungumzo yenyewe yafanyike nyumbani, gari imezimwa. Anza kwa kumuuliza anakumbuka nini pale Hedaru, usimwambie alikosea wapi.

mama_wawili
Asanteni sana, mzee wa semi nimekusoma nikalia. Jana watoto walivyolala nilimuuliza mume wangu kama niko_saikolojia alivyonielekeza. Ile gari nyeupe anaikumbuka yote, namba za pleti, stika ya kioo cha nyuma, mpaka taa moja ya breki ilikuwa haiwaki. Nikamwambia na lile lori je, lililoshuka kwenye vumbi?
Akaniangalia akaniuliza, lori gani?