Jina Evaristo: lilitoka wapi, na kuna mtu bado anampa mtoto?

Fundi_Section58
Mulembe watu wangu, na wengine wote habari zenu. Naomba mnisaidie na hii stori ya jina juu nimebakisha miezi miwili tu na nyumbani bado hatujaelewana. Mama watoto ana mimba, tumeshaambiwa ni kijana, na kwetu Butere kijana wa kwanza hana mjadala, anaitwa baba yangu, mzee alituacha 2019. Kwao ni Wakikuyu wa hapa Njoro na kwao pia ni hivyo hivyo, kijana wa kwanza ni wa baba ya mume, kwa hivyo upande wa mila hakuna mahali tumegongana. Shida ni jina lenyewe. Mzee aliitwa Evaristo. Kijijini walimwita Varisto, huku Nakuru kazini kwa reli wakaandika Evarist bila hiyo o ya mwisho, na kitambulisho chake kilisema Everisto, yaani mtu mmoja majina manne na yeye aliitika yote.

Sasa shemeji yangu anasema hilo ni jina la wazee, ati mtoto ataenda shule wamwite Everest mpaka alie. Halafu mwezi jana kuna mteja Mwitaliano aliniletea gari gereji, tukaongea mambo ya familia, nikamwambia jina la mzee akashtuka sana, akasema hilo ni jina la kwao kabisa lakini siku hizi huko hakuna mtoto anapewa, ni la kina babu. Hapo ndio nilichanganyikiwa juu mapadre waliokuwa kwetu zamani ni wa shirika la wamisionari la Mill Hill, Waingereza na Waholanzi, sijawahi kusikia Mwitaliano Butere. Kwa hivyo nauliza, hili jina ni la Kiitaliano kweli? Lina maana gani? Lilifikaje kwetu? Na kuna mtu hapa yuko na mtoto mdogo anaitwa hivyo, ama nitakuwa peke yangu? Mimi roho yangu inataka Evaristo, lakini nataka nikiongea na mama watoto niwe na kitu cha kumwambia zaidi ya ni jina la baba basi.

Anyango_Busia
Kaka usisumbuke, huku mpakani wako wengi, mjomba wangu ni mmoja. Weka tu.

Katekista_Mstaafu_Nax
Mwanangu pole kwa mzee, na hongera kwa huyo anayekuja. Nimefundisha dini miaka mingi na majina ya watakatifu nayapenda sana kwa hivyo nivumilie niandike kirefu.

Mteja wako hajakosea lakini pia hajamaliza. Waitaliano wanalo, na kwao ni adimu kweli, lakini mzizi si wa kwao. Ni Kigiriki. Neno ni euarestos, eu ni vizuri, na arestos ni cha kupendeza, ukiunganisha unapata mtu wa kupendeza sana, mwenye kukubalika. Wengine watakwambia linatoka kwa aristos yaani bora kabisa, lakini maelezo yanayotolewa sana ni hayo ya kupendeza. Na hilo neno umelisoma bila kujua. Fungua Warumi 12:1, pale Paulo anasema tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai, takatifu, ya kumpendeza Mungu. Hapo kwa ya kumpendeza, Kigiriki cha Paulo kinasema euareston. Mstari unaofuata linarudi tena, mapenzi ya Mungu yaliyo mema, ya kumpendeza. Mimi siku niliyoonyeshwa hivyo nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo, kwa sababu nilikuwa na Evaristo wawili kwa darasa langu la kipaimara na hakuna aliyewahi kuwaambia wamebeba nini.

Aliyelifanya lijulikane ni Papa Evaristo, anahesabiwa wa tano, yaani Petro, Lino, Anakleto, Klementi, halafu yeye, karibu mwaka 99 mpaka 107. Kitabu cha zamani cha maisha ya mapapa kinasema alikuwa Mgiriki wa Antiokia, na baba yake alikuwa Myahudi wa Bethlehemu aliyeitwa Yuda. Umeona? Baba wa Bethlehemu, mtoto wa Antiokia, kazi Roma. Kinasema pia ndiye aliyewagawia mapadre wa Roma makanisa ya kuangalia, ingawa habari zake za uhakika ni chache na ndiyo sababu 1969 walipopanga upya kalenda ya Kanisa lote sikukuu yake ilitolewa. Kwa kalenda hiyo ya zamani siku yake ilikuwa tarehe 26 Oktoba. Kutoka Kigiriki likaingia Kilatini kama Evaristus, na Waitaliano wakaweka o mwishoni kama wanavyofanya kwa majina mengi.

Kuhusu kufika Butere, haikuhitaji Mwitaliano. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimwagiza paroko ahakikishe mtoto amepewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa yeye aongeze jina la mtakatifu na yote mawili yaandikwe kwa kitabu cha ubatizo. Hii ya 1983 ni pole zaidi, inataka tu jina lisiwe geni kwa roho ya Kikristo. Kwa hivyo zamani kalenda ya watakatifu ndiyo ilikuwa duka la majina, na vitabu viliandikwa Kilatini, padre awe Mwingereza ama Mholanzi ni ile ile. Mzee wako alizaliwa mwezi gani? Kama ni Oktoba basi jibu unalo.

Kogalo_Kondele
Omera, huyo shemeji mwambie kuna Evaristo mmoja hata watu wa mpira wanamheshimu mpaka leo. Evaristo de Macedo, Mbrazili, alizaliwa 1933, amechezea Barcelona na pia Real Madrid, na kabla hata aende Ulaya alifungia Brazili mabao matano kwa mechi moja, 1957 dhidi ya Kolombia. Halafu Novemba 1960 akiwa Barcelona ndiye aliruka na kichwa akafunga bao lililowatoa Real Madrid kwa Kombe la Ulaya, na hao Real walikuwa wamelichukua mara tano mfululizo tangu lianze, hakuna aliyekuwa amewahi kuwatoa. Mimi baba yangu alinisimulia hiyo mechi kama ile alikuwa uwanjani na alikuwa hapa Kisumu anasikiliza redio za watu.

Kwa Waitaliano wenyewe kuna Evaristo Beccalossi, namba kumi wa Inter, walichukua ligi naye msimu wa 1979/80. Ukienda kwa Wabrazili na watu wa Kihispania jina halishangazi mtu, Italia ndio limepungua.

Na si mbali hivyo, rais wa Burundi ni Évariste Ndayishimiye, yuko kitini tangu 2020. Hiyo ni Evaristo ya Kifaransa, juu kule mapadre walikuja na Kifaransa. Kwa hivyo Everest ni ya wapi sasa? Ule mlima uliitwa jina la Mwingereza mpima ardhi, George Everest, hauna undugu na hili jina kabisa. Mtoto akiambiwa hivyo mapema atawajibu mwenyewe shuleni.

Nyar_Ahero_Brescia
Nimeona hii nikiwa kazini ikabidi nijibu. Mimi ni wa Ahero lakini niko Brescia mwaka wa sita sasa, naangalia wazee nyumbani kwao, na huyo Beccalossi kaka ametaja ni wa huku huku Brescia, wazee wa hapa ukimtaja wanaanza kuongea na hawamalizi.

Mteja wa Fundi amesema ukweli. Mimi kwa hiyo miaka yote nimekutana na Evaristo wawili, mmoja alikuwa na 88 na mwingine 91, na huyo wa 91 ndiye nilimwangalia mpaka akafariki. Watoto wa huku ni Leonardo, hilo ndilo limekuwa mbele kwa vijana tangu 2018, halafu Francesco, Lorenzo, Tommaso, Edoardo. Sijawahi kusikia mama anaita Evaristo kwa bustani ya watoto. Lakini kusema adimu si kusema baya, hapa mtu akisikia hilo jina anatabasamu, anakumbuka babu yake.

Kitu kimoja kilinigusa. Huyo mzee wangu alikuwa na picha ukutani ya vyombo vya muziki, gitaa za zamani zimelazwa kifudifudi juu ya meza, na nikiangalia karibu naona vumbi juu ya mbao na alama za vidole zimepita kwa hilo vumbi. Nikadhani ni mimi sijapanguza, kumbe vumbi lenyewe limechorwa. Akaniambia aliyechora anaitwa kama yeye, Evaristo Baschenis, mtu wa Bergamo hapa jirani, alizaliwa 1617 akafa 1677, na alikuwa padre. Watu wa Bergamo walikuwa wanamwita Prevarisco, yaani prete Evaristo, padre Evaristo, lakini limesemwa haraka mpaka likashikana. Sasa niliposoma kwamba Butere walimwita mzee Varisto nilicheka kwa furaha, juu ni kitu kile kile, mdomo wa kijiji umelifupisha vile unataka, huku na huko.

Na wanavyolitamka ni kama sisi kabisa, wanakaza pale kwa ris, Eva-RIS-to. Hautalazimika kumfundisha mtu wa Nakuru kulisema.

Mama_Pili_Milimani
Mimi nataka kuongeza tu la makaratasi, kwa sababu ndilo litakusumbua baadaye kuliko watoto wa shule. Kijana wangu ni Fulgensio, nilimwita kwa babu yake, na ofisi moja niliyokwenda kuchukua cheti cha kuzaliwa waliandika Fulgence, nikaona si kitu nikanyamaza. Akafika darasa la nane, jina la cheti na jina la shule havisomani, nikazunguka na kiapo cha wakili, nauli, picha, foleni, karibu miezi mitatu, na mtoto anangoja. Kwa hivyo hapo hospitali wakijaza ile fomu ya kwanza usiwaachie, wewe mwenyewe andika kwa karatasi herufi kubwa E-V-A-R-I-S-T-O uwape, halafu usome walichoandika kabla utie sahihi. Hiyo o ya mwisho na hiyo a ya katikati ndizo wanazila.

Fundi_Section58
Jamani nimesoma zote, nyingine nimemsomea mama watoto kwa sauti, asanteni sana. Hiyo ya Warumi alitaka kuiona mwenyewe akaenda kuchukua Biblia. Dada wa Brescia Mungu akubariki na hiyo kazi unafanya.

Mzee Katekista, uliuliza mwezi. Nilimpigia mama jana usiku akafungua lile sanduku la bati, kadi ya ubatizo bado iko. Haikuwa Oktoba. Alizaliwa Machi 1951 na akabatizwa Mei, sijui siku yenyewe juu mama anasema panya wamekula hapo. Jina limeandikwa Evaristus, na us mwishoni kama ulivyosema ni Kilatini. Lakini sikiliza hii, pale kwa msimamizi wa ubatizo pameandikwa pia Evaristus, na jina la pili mama alilisoma mara tatu, si la kwetu, si la Kiluhya. Mama anasema alisikia kwa nyanya kwamba palikuwa na katekista alitoka upande wa Uganda, alikaa Butere kitambo kidogo akifundisha watu sala, na wakati babu aliugua ndiye alikuwa analima shamba letu mpaka babu akaamka. Kwa hivyo babu alimpa mtoto jina la huyo mtu. Miaka yote hii sisi tulidhani ni padre tu alichagua.

Katekista_Mstaafu_Nax
Basi nilikosea kuhusu kalenda, na nimefurahi kukosea. Inaingia akilini pia, kwa sababu misheni za Mill Hill za upande huo mpaka 1925 zilikuwa chini ya jimbo la Kanisa lililoitwa Upper Nile, makao yakiwa Uganda, ndipo Kavirondo, yaani upande wetu wa magharibi mwa Kenya, ikajitenga, na watu waliendelea kuvuka kuja na kurudi. Usiandike hilo jina la pili hapa kwa watu wote, lakini linakili vizuri kabla panya warudi, halafu nenda na hiyo kadi parokiani Butere uombe waangalie kitabu chenyewe. Tarehe utaipata, na huenda wakakwambia huyo katekista aliandikishwa kutoka wapi.

Fundi_Section58
Nitaenda Jumamosi ya wiki ijayo. Mama watoto amesema tutangulie na jina, hayo mengine yatakuja. Ni Evaristo, na o.